Tenga, kreti na embe la chini

Ukitaka kujua tenga limeyafanya nini maembe safarini, usiyatazame yale ya juu yaliyopangwa kumvuta mnunuzi. Lifumue tenga lote juu ya turubai, kisha uyaweke maembe katika mafungu kulingana na mahali yalipokuwa yamekaa. Niliwahi kufanya hivyo mjini Tabora, mwezi Desemba, wakati ambapo miembe ya kienyeji huwa imeinama kwa uzito na bei imeshuka hadi mtu anaona tabu kuinama kuokota embe lililoanguka. Maembe ya chini yalikuwa na nyuso bapa, na mengine yalikuwa na shimo dogo lililochimbwa na kikonyo cha embe la jirani. Yaliyogusa ukuta wa tenga yalikuwa na mistari iliyonyooka, nakala halisi ya fito zilizosukwa. Ya juu hayakuwa yamebonyea hata kidogo, lakini ngozi yake ilikuwa imekwanguka na kugeuka rangi ya kahawia, kana kwamba mtu ameipitishia msasa. Ya katikati ndiyo yaliyokuwa yamesalimika zaidi.

Tenga lilikuwa moja na safari moja, lakini majeraha yalikuwa ya aina tofauti, na hapo ndipo mazungumzo mengi kuhusu vifungashio yanapopotea njia. Sisi hutumia neno moja tu, kwamba matunda “yamepondeka”, kisha tunatafuta dawa moja: nyasi nyingi zaidi, au magazeti, au kreti la plastiki. Wanaoshughulika na mazao baada ya mavuno hutenganisha mambo matatu, yaani mgandamizo, mshtuko na mtikisiko, kwa kuwa kila kimoja kina chanzo chake, mahali pake ndani ya shehena na kinga yake. Kinachosaidia dhidi ya kimoja huenda kisifae kitu dhidi ya kingine.

Kabla ya kuyaangalia hayo matatu, ni vizuri kujua kinachotokea ndani ya tunda lenyewe. Embe lililochumwa bado lina uhai, linapumua na kutoa joto, na nyama yake imejengwa kwa seli nyingi zilizojaa maji. Seli hizo zikipasuka, vimeng’enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na kemikali za aina ya fenoli pamoja na oksijeni, na matokeo yake ni ile rangi ya hudhurungi tunayoiona kwenye parachichi lililokatwa na kuachwa mezani. Tunda lililojeruhiwa hupumua kwa kasi zaidi na kutoa gesi ya ethilini, ambayo huliivisha lenyewe na kuyaharakisha majirani zake pia. Mkwaruzo kwenye ngozi nao huyaacha maji ya tunda yatoke nje na kuvu iingie ndani. Mambo haya yote huchukua muda, na embe gumu la kijani huweza kuificha alama ya pigo kwa siku kadhaa. Ndiyo maana anayepakia Tabora huapa kwamba alipakia mzigo mzima, anayepokea Dar es Salaam huapa kwamba amepokea mzigo mbovu, na wote wawili wanasema kweli.

Tuanze na mgandamizo, kwa sababu ndio unaoweza kupigiwa hesabu kwa urahisi. Maembe yaliyorundikwa huacha nafasi za hewa katikati yake, kwa hiyo tukadirie kwamba mita moja ya ujazo inabeba takriban kilo 600 za maembe. Tenga lenye kina cha sentimita 60 litakuwa na kilo 360 juu ya kila mita ya mraba ya kitako chake. Embe lenye upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 10 linachukua eneo la sentimita 80 za mraba, na hivyo fungu lake la mzigo huo ni karibu kilo 3. Embe gumu laweza kustahimili kiasi hicho. Lakini tenga ni chombo kinachonyumbuka: ukiweka la pili juu ya la kwanza, fito hupinda, na uzito wa tenga la juu hautui kwenye kuta bali hutua moja kwa moja kwenye maembe. Yakipangwa matenga matatu, embe la chini kabisa limebeba karibu kilo 9. Gari likiruka tuta na kutua kwa nguvu, uzito huo huweza kuongezeka maradufu kwa kitambo kidogo, ukakaribia kilo 18, na wote unapitia kwenye vidoa vichache vidogo kama sarafu ambapo embe moja linagusana na jingine. Gari halijatoka hata mkoani, na embe lile tayari lina nyuso bapa.

Kinachoongeza madhara ni lumbesa, yaani ule mlima unaofinyangwa juu ya mdomo wa tenga au gunia na kushonewa kwa kamba. Sheria ya vipimo imeipiga marufuku kwa sababu inampunja mkulima, ambaye hulipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiikemea kwa miaka mingi. Hata hivyo lumbesa ina madhara mengine yasiyozungumzwa sana, kwa kuwa kila sentimita inayoongezwa juu ya mdomo inaongeza kilo zinazobebwa na tunda la chini, na ule mlima wenyewe ndio unaokuwa kiti cha tenga linalofuata. Mfanyabiashara anayejipatia maembe 30 ya bure juu huenda akawa anayalipia kwa maembe ya chini, ila malipo hayo hayaoni kwa kuwa yanafanyika sokoni, mbele ya mtu mwingine.

Hapa ndipo kreti gumu linapotofautiana na tenga kwa jambo la msingi, ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote katika somo hili. Kreti la plastiki au la mbao linapopangwa juu ya jingine, uzito hushuka kupitia kuta zake hadi sakafuni bila kuyagusa matunda. Ndani ya kreti lenye kina cha sentimita 25, kwa hesabu ile ile ya awali, embe la chini limebeba kilo 1.2 tu, na litaendelea kubeba hizo hizo hata yakipangwa makreti sita juu yake. Kazi ya kwanza ya kifungashio ni kubeba mzigo ili tunda lisiubebe. Kufunika, kulainisha na kupendeza machoni ni kazi za baadaye. Mtu anayeongeza nyasi kwenye tenga bila kubadili njia inayopitwa na uzito amelitandikia embe godoro, kisha akalikalia.

Sharti la kreti ni moja, nalo huvunjwa kila siku: matunda yasivuke ukingo. Nimeona makreti mazuri kabisa yamejazwa hadi kufanya kilima, halafu jingine likakandamizwa juu yake hadi maembe yakatoa sauti. Hiyo ni lumbesa iliyovaa plastiki. Kuta ambazo mtu amezilipia fedha nyingi hazibebi kitu, kwa sababu kreti la juu limekaa juu ya matunda, na kitako chake kigumu chenye matundu huacha alama mbaya kuliko zile za fito.

Mshtuko ni habari nyingine. Embe la gramu 300 likianguka kutoka urefu wa sentimita 30, ambao ni chini ya goti, juu ya bodi la lori, na likasimama baada ya nyama yake kubonyea milimita 3, nguvu linayoipokea kwa wastani ni kama mara 100 ya uzito wake, sawa na kubebeshwa kilo 30 kwa nukta ya muda. Likiangukia nyasi kavu zinazobonyea sentimita 3, nguvu hiyo hushuka hadi kama mara 10, yaani kilo 3. Nyasi, majani makavu ya migomba, karatasi zilizofinyangwa na mabaki ya sponji yote yanafanya kazi hii hii ya kuurefusha umbali wa kusimama. Kwa hiyo tandiko la chini na la pembeni lina maana, mradi liwe kavu na safi, kwani nyasi zenye unyevu huleta kuvu, na zenye mabua magumu huchoma ngozi.

Lakini tujiulize pigo hilo linatoka wapi. Mara nyingi linatoka mikononi mwa watu, tena si kwa ukatili. Tenga lililojaa huwa zito kuliko uwezo wa mtu mmoja kulishusha taratibu, halina mshikio, na utingo amesimama juu ya bodi akipokea mzigo unaozidi urefu wa kifua chake. Akiliachia sentimita za mwisho, si uzembe, mwili umekataa. Kreti la kilo 20 lenye matundu ya kushikia hutuliwa, kwa sababu linatulika. Ukubwa wa chombo kwa hiyo ni sehemu ya kinga, na mfanyabiashara anayelalamikia wabeba mizigo angeanza kwa kulipima tenga lake. Kwa njia ya reli mapigo huja kwa upande: mabehewa yanapounganishwa, au treni inapoanza kuvuta, shehena husukumwa mbele na nyuma, na chombo kilichoachiwa nafasi huteleza na kugonga. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu wakati huo jambo hili halijabadilika kwa tunda: ndani ya behewa, makreti yabanwe kwa ukuta na yabanane yenyewe kwa yenyewe, pasiwe na pengo.

Mtikisiko ndio unaoeleweka vibaya zaidi, kwa sababu hauna tukio la kuonyeshwa kidole. Lori lenye springi za vyuma hutikisika mara kadhaa kwa kila sekunde, saa baada ya saa, na kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Maembe ya chini hayapati nafasi ya kucheza kwa kuwa yamebanwa na yaliyo juu yake. Yale ya tabaka la juu hayana kinachoyashikilia. Sakafu inaporudi chini, maembe hayo hubaki hewani kidogo, kisha hutua, hujigeuza na kusuguana na jirani au kamba. Kwa maelfu ya mara. Hiyo ndiyo ile ngozi ya msasa niliyoikuta kwenye tenga langu. Matuta na rasta za barabarani huongeza, lakini hata barabara nzuri haiuondoi mtikisiko huu. Mahali pabaya zaidi ndani ya gari ni juu kabisa na nyuma, kupita tairi za nyuma, na mwenye mzigo mchanganyiko angefanya busara kuweka viazi huko na kuyaweka matunda laini mbele.

Kinga ya mtikisiko ni kumnyima embe nafasi ya kucheza. Kreti lijazwe hadi karibu na ukingo, litikiswe kidogo kwa mkono ili matunda yajikalie, pengo linalobaki lijazwe kwa karatasi au majani, kisha lifunikwe kwa kitu kinachokandamiza kwa upole. Huko California, miaka ya 1960, mbinu ya kujaza boksi kwa kulitikisa na kulifunga kwa kifuniko kinachobana ilifanyiwa utafiti na kuwa utaratibu wa kawaida kwa baadhi ya matunda. Kwetu, wazee waliofunika mdomo wa tenga kwa majani ya migomba na kushona juu yake kwa kamba iliyokazwa walikuwa wakifanya jambo hilo hilo bila maabara. Kosa huanza pale kamba inapogusa tunda lenyewe, au tenga linapolegea baada ya kilomita 100 kwa kuwa nyasi zimeshikamana na kushuka, na hakuna anayelikaza tena. Kulizungushia kila embe karatasi au kulivika ile soksi ya povu husaidia dhidi ya msuguano. Dhidi ya kilo 18 za mgandamizo, karatasi ni karatasi tu.

Maboksi ya katoni yana tabia zake. Nguvu yake kubwa iko kwenye pembe nne zilizosimama, kwa hiyo maboksi yapangwe pembe juu ya pembe. Mpakiaji anayeyapishanisha kama matofali ya ukuta hupata rundo lisiloyumba, lakini anakuwa ameweka pembe za boksi la juu kwenye katikati ya ukuta wa boksi la chini, mahali palipo dhaifu, na sehemu kubwa ya nguvu hupotea. Matundu ya hewa nayo yatobolewe mbali na pembe. Jambo linaloisumbua Tabora hasa ni kwamba msimu wa embe unaangukia ndani ya mvua, na katoni iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu mwingi hupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kubeba, hata kama haijanyeshewa tone. Boksi lililoonekana imara jioni kwenye ghala linaweza kulegea alfajiri. Maembe yanayokwenda Ulaya hufungwa kwenye maboksi ya tabaka moja yenye kilo 4 hivi, na udogo huo si urembo: tabaka moja maana yake hakuna embe lililo chini ya jingine.

Kama kreti ni bora kiasi hicho, mbona tenga bado linatawala? Jibu si ujinga wa wafanyabiashara. Tenga linasukwa hapa hapa, linauzwa pamoja na mzigo na halirudi. Tuchukue mfano wa kubuni. Tenga la shilingi 3,000 linabeba kilo 40 kwa safari moja, yaani shilingi 75 kwa kilo. Kreti la shilingi 20,000 linabeba kilo 20. Likidumu safari 40, gharama yake ni shilingi 25 kwa kilo, na hapo kila muuzaji wa makreti huishia. Lakini ikiwa katika kila makreti 10 yanayotoka moja halirudi, basi kwa wastani kreti litafanya safari 10 tu, na gharama inapanda hadi shilingi 100 kwa kilo kabla hujalipia nauli ya kuyarudisha matupu. Uimara wa plastiki haukukusaidia kitu; kilichokula faida ni makreti yaliyobaki kuwa viti na ndoo za nyanya sokoni. Ndiyo maana makreti huwafaa zaidi watu wenye mnunuzi mmoja anayejulikana, wenye kuweka amana inayorudishwa, na wanaonunua yale yanayoingiana yakiwa matupu ili lori moja lirudishe ya safari kadhaa. Kwa mtu anayemtupia dalali mzigo na kuondoka, tenga dogo, lililopunguzwa kina, lenye tandiko na lisilopandiwa na jingine linaweza kuwa jibu la busara zaidi. Lori lenyewe laweza kufungwa rafu ya mbao katikati ili matenga ya juu yakae juu ya mbao, na hapo tenga limepata kuta ambazo halikuwa nazo.

Tena hakuna kifungashio kinachoponya. Miembe mingi ya kale ya Unyamwezi, ukiwamo ukoo wa ile iliyopandwa kando ya njia ya misafara kuelekea Ujiji, ni mirefu mno, na vijana huyapopoa maembe kwa mawe au hutikisa tawi yakaanguka. Embe lililodondoka mita 8 limeshapasuka ndani, na kulilaza kwenye kreti la bei ni kulisindikiza tu. Kingoe, yaani ule mti mrefu wa kuangulia matunda, kikiwa na mfuko mdomoni ni kifaa cha ufungashaji kama kreti lilivyo. Vilevile kikonyo kisikatwe kwenye tunda pale pale: kiachwe sentimita chache, kisha kikatwe kivulini na embe liinamishwe hadi utomvu ukome kutiririka, kwani utomvu wa embe huunguza ngozi na kuacha michirizi myeusi ambayo wengi huidhania kuwa michubuko ya safari.

Kwa matunda mengine kanuni ni zile zile, ingawa vipaumbele hubadilika. Ndizi za Kasulu zikisafirishwa zikiwa mkungu mzima husuguana ncha kwa ganda, na kuzikata vichana na kuzipanga kwenye boksi hupunguza sana weusi. Parachichi haliivi likiwa mtini, kwa hiyo husafiri likiwa gumu na kusamehe mengi, hadi siku linapoanza kulainika.

Anayetaka kujua kifungashio chake kinashindwa wapi hahitaji maabara. Wakati wa kupakia, achague maembe 30 mazima, ayaandike namba kwa kalamu ya wino usiofutika, na ayaweke kumi chini, kumi katikati na kumi juu, katika matenga au makreti yaliyo sehemu tofauti za gari. Mpokeaji ayatoe, ayaweke pembeni bila kuyauza, na asubiri. Nyuso bapa kwenye namba za chini zitamwambia kwamba kina ni kirefu mno au chombo hakibebi. Ngozi iliyokwanguka kwenye namba za juu itamwambia kwamba mzigo ulicheza. Alama ya upande mmoja isiyofuata tabaka lolote itamrudisha kwa wapakiaji au kwa waliopopoa. Ayakate siku ya tatu au ya nne, kwa sababu siku ya kwanza embe lililopigwa bado linafanana na lile zima.